Maji ya Mihale

Uani kwa shangazi yangu, Maganzo, wilayani Kishapu, Shinyanga, kamba ya kuanikia imefungwa kutoka kwenye mwarobaini hadi kwenye nguzo ya banda la kuku. Agosti moja ya kiangazi kikali kamba hiyo ilibeba vipande kumi na viwili vya kitambaa cha pamba, vyote vimekatwa kutoka jora moja jeupe, na hapakuwa na viwili vilivyofanana. Kimoja kilikuwa na rangi ya chai iliyolala kwenye birika. Kingine kilikaribia tofali lililoiva tanuruni. Kulikuwa na vipande vitatu vya kijivu, kila kimoja na kijivu chake. Pembeni kabisa, karibu na mwarobaini, kilining'inia kipande cheusi, weusi ambao ukiusogelea unaona ubuluu umejificha ndani yake kama kwenye manyoya ya kunguru. Vyote vilitoka kwenye mti mmoja na sufuria moja.

Mama mmoja aliyekuwa akienda gulioni alisimama, akavishika kimoja kimoja kwa vidole viwili, kama mtu anayepima ulaini wa unga.

"Mwangaluka, mayu. Hizi mnauza?"

"Hatuuzi, mayu," shangazi akamjibu. "Huyu mwanangu anachemsha mihale tangu juzi. Kuni zangu zote zimeishia humo."

"Mihale? Ile ya mbuzi?"

Ile ya mbuzi, ndiyo. Mihale ni jina la Kisukuma la mgunga ambao wataalamu wa mimea waliuita Acacia nilotica, na siku hizi wanauita Vachellia nilotica. Una miiba mirefu myeupe, maua ya manjano ya mviringo, na maganda ya mbegu ambayo mbuzi huyagombania yanapodondoka. Mti huu umeenea kutoka huku kwetu hadi Misri na India, na karibu kila ulikoota watu wamewahi kuusaga na kuuchemsha ili kulainisha ngozi au kutia nguo rangi. Huku Usukuma umeota kila mahali. Nimekua nikiuona, nikachomwa na miiba yake, nikalala kwenye kivuli chake, wala sikuwahi kufikiri kwamba ndani yake mna wino.

Aliyenifikisha kwenye wino huo ni mchoraji wa Nairobi. Agnes Waruguru alizaliwa mwaka 1994, akasomea uchoraji Savannah, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, na mwaka 2024 kazi yake ilionyeshwa Venice, katika maonyesho makuu ya Biennale ambayo Mbrazili Adriano Pedrosa aliyasimamia chini ya jina lenye maana ya "Wageni Kila Mahali". Waruguru huchora kwa kalamu na brashi, huchapa, hushona na hudarizi. Anatumia karatasi na kitambaa chepesi cha pamba, na sehemu ya rangi zake hutokana na mimea. Nilipoziona picha za kazi zake mara ya kwanza kilichonishika kilikuwa maji. Rangi imeachwa itembee yenyewe ndani ya nyuzi, ikasimama pale ilipochoka, ikaacha ukingo kama ule unaobaki dimbwi linapokauka. Kisha juu ya doa hilo, ambalo halikutii mkono wa mtu, unakuta mshono uliopigwa kwa subira, tundu kwa tundu. Mkono mmoja umeachia, mwingine umeshika.

Kwetu mtu anayeshona na kudarizi huambiwa ana kazi za mikono, na anayepaka rangi kwenye turubai huitwa msanii. Waruguru ameviweka vyote kwenye kitambaa kimoja. Nilijiuliza jambo la kawaida kabisa ambalo mtu wa Shinyanga angejiuliza: pamba tunayo, miti tunayo, udongo tunao wa kila namna. Ukitaka kufanya kazi ya aina hii ukiwa umesimama Maganzo, utahitaji kuagiza nini kutoka nje? Nikaenda kwa shangazi nikajaribu.

Jibu fupi ni kwamba, ukiacha kitambaa chenyewe na magadi, nilinunua vitu vitatu dukani: sabuni, siki na shabu.

Kitambaa kipya hakipokei rangi. Kimejaa wanga wa kiwandani na nta yake ya asili, kwa hiyo kwanza kinachemshwa kwa sabuni na magadi kidogo hadi maji yageuke kuwa ya manjano machafu, kisha kinasuuzwa mpaka tone likianguka juu yake linanyweka papo hapo. Wanaoharakisha hatua hii huishia na mabaka. Mimi niliharakisha mara ya kwanza, na kile kitambaa sasa kinafutia meza.

Maganda ya mihale yanatwangwa kwenye kinu, mbegu zinatolewa, yanalowekwa usiku kucha, asubuhi yanachemshwa kwa saa nzima kwenye sufuria ya aluminiamu. Chungu cha chuma hakifai, sababu itaonekana sasa hivi. Maji yanayochujwa ni ya kahawia, mazito, na ukionja kwa ncha ya ulimi kinywa kizima kinajikunja, kama umetafuna ndizi mbichi. Huko kujikunja ndiyo dawa yenyewe. Kinachokausha ulimi kinaitwa tanini, na kazi yake kwa mti ni kuufanya usiwe mtamu kwa wadudu. Tanini hung'ang'ania protini, ndiyo maana hugeuza ngozi mbichi ikawa ngozi ya kiatu. Hung'ang'ania pia nyuzi za pamba na, muhimu kuliko yote, hung'ang'ania madini. Shida ya pamba tangu zamani ni kwamba haishiki rangi kwa urahisi kama sufu au hariri. Inahitaji kitu cha kusimama katikati, kikamate uzi kwa mkono mmoja na rangi kwa mkono wa pili. Mihale inaleta rangi na mshikaji wake pamoja.

Kitambaa kikilala ndani ya maji hayo kinatoka na ile rangi ya chai. Ukitaka kiende kwingine, unakibadilishia madini. Shabu ni lile jiwe jeupe ambalo vinyozi hupaka kwenye mkwaruzo wa wembe na ambalo watu hutumbukiza kwenye ndoo ya maji ya lambo ili tope lishuke chini. Kijiko kimoja cha shabu kinang'arisha kahawia ikaelekea manjano. Maji ya majivu yanaivuta kwenye wekundu wa tofali. Na chuma kinafanya jambo ambalo nimeliona mara nyingi sasa na bado linanisimamisha.

Misumari yenye kutu inalowekwa kwenye siki na maji ndani ya chupa, inaachwa wiki mbili. Yanayopatikana ni maji hafifu, ya rangi ya chai iliyozimuliwa mno, huwezi kuyadhania chochote. Nilichovya brashi humo nikavuta mstari juu ya kitambaa kilichokwisha kunywa mihale. Kwa pumzi moja hapakutokea kitu zaidi ya unyevu. Kisha mstari ukaanza kuiva: kijivu, kijivu cha bunduki, mweusi. Huchori kwa rangi, kwa sababu kwenye brashi hakuna weusi na kwenye kitambaa hakuna weusi. Weusi unazaliwa pale viwili vinapokutana. Ndiyo maana chungu cha chuma kingeniharibia kila kitu kabla sijaanza.

Kemia hiihii iliandika vitabu vya Ulaya kwa karne nyingi, kwani wino wao wa kawaida ulikuwa tanini ya vinundu vya mti wa mwaloni iliyochanganywa na chumvi ya chuma. Na kemia hiihii ndiyo bogolan ya Mali, ambako kitambaa cha pamba hulowekwa kwenye maji ya majani kisha michoro huchorwa kwa tope lililochachushwa. Mwaka 1978 wasanii sita wa Bamako waliunda kikundi walichokiita Groupe Bogolan Kasobané, wakaacha rangi za kuagiza na kuanza kuchora picha zao kwa majani na tope. Wao walikuwa na bahati moja kubwa: akina mama waliokuwa wanaijua kazi hiyo walikuwa bado hai, bado wanaifanya. Mimi nilijaribu tope la lambo la karibu na Maganzo. Lilinipa kijivu dhaifu kilichotoka karibu chote kwenye suuzo la pili. Lazima kuna tope linalofaa na tope lisilofaa, na lazima kulikuwa na mtu aliyejua tofauti.

Hapa nitoke kidogo kwenye sufuria, niingie kwenye lugha, maana lugha yetu imetunza ushahidi ambao ghala za makumbusho hazina.

Hesabu majina ya rangi katika Kiswahili. Manjano ni bizari ileile inayotia wali rangi. Kijani ni jani. Kijivu ni jivu. Kahawia ni kahawa. Zambarau, chungwa na waridi tunda au ua lake unalijua. Nili ni mmea uliokuwa ukitia nguo buluu. Ile nyekundu iliyoiva ikaelekea weusi tunaiita damu ya mzee. Karibu kila rangi tunaitaja kwa kitu kinachoishika mkononi, kana kwamba aliyeipa jina alikuwa amesimama karibu na sufuria. Zimebaki tatu tu ambazo ni maneno ya rangi tangu asili, zinazokubali viambishi vya ngeli kama sifa nyingine yoyote: -eupe, -eusi, -ekundu. Unasema mti mweusi, kitambaa cheusi, nguo nyeusi. Huwezi kufanya hivyo kwa zambarau.

Sasa angalia kamba ya shangazi. Kitambaa cheupe kabla ya kuchovywa. Weusi wa kutu. Wekundu wa majivu. Rangi tatu za kale za lugha zimo kwenye kitambaa kimoja na mti mmoja wa mbuzi.

Na ndizo rangi za uchoraji wa kale wa Usukuma tunaoufahamu vizuri kuliko mwingine wote. Wacheza nyoka, wale wa chama cha Bayeye waliojua dawa za sumu na tabia za swila na kifutu, walikuwa wakichora ndani ya nyumba walizotumia kuwafunda wanachama wapya. Ukutani walijaza nyoka, watu, wanyama na viumbe visivyo na jina la mchana. Hans Cory, Mwaustria aliyefanya kazi ya utafiti wa mila kwa serikali ya Tanganyika, alizichunguza picha hizo na mwaka 1953 kitabu chake juu yake kikachapishwa London. Zilikuwa picha za rangi za ardhini: nyeupe, nyeusi, na wekundu wa udongo. Nyumba ya udongo na nyasi haidumu, mvua ikishaipata imekwisha, na picha zake zinakwenda nayo. Anayetaka kuona kumbukumbu ya sanaa hiyo leo aende Bujora, karibu na Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement kutoka Quebec.

Tofauti moja ya kiufundi inafaa kuelezwa hapa, maana mara nyingi inachanganywa hata na wanaouza kazi hizi. Udongo wa ukutani na maji ya mihale si kitu kimoja. Udongo ni unga: unakaa juu ya ukuta au karatasi, na lazima uchanganywe na kitu cha kunata, gundi au yai au utomvu, usije ukapukutika. Maji ya mihale yanaingia ndani ya uzi na kuwa sehemu yake. Mchoraji anayetumia vyote viwili anafanya kazi mbili, na Usukuma inampa vyote viwili bila kumtoa kijijini. Wataalamu wa udongo waliofika kanda hii miaka ya 1930 waliwakuta wakulima tayari wana majina ya udongo kuanzia kileleni hadi bondeni: luguru wenye mawe huko juu, isanga na luseni wa kichanga, itogolo, ibambasi mgumu kama sakafu, ibushi wenye chokaa, na chini kabisa mbuga, mweusi, unaopasuka kiangazi na kumeza gurudumu masika. Wakayachukua majina hayo wakayatia kwenye vitabu vyao. Mkulima aliupa udongo majina hayo ili ajue apande pamba wapi na mpunga wapi. Mimi niliponda madonge sita kwenye kinu, nikayachekecha kwa kitambaa, nikayatia utomvu wa mihale uliolowekwa, na nilikuwa na kisanduku cha rangi za maji: kijivu cheupe cha ibushi, kahawia mbili, wekundu mmoja, mchanga wa rangi ya simba, na mbuga, ambao ukikauka kwenye karatasi si mweusi kama ulivyo shambani.

Kwenye pwani maarifa ya namna hii yalikuwa mengi na bado yana majina. Wasukaji wa mikeka walitia ukindu weusi kwa mizizi ya mdaa. Magome ya mkandaa, mti wa kwenye mikoko, yalitia wekundu na kukaza ngozi. Waganga waliandika aya kwenye sahani kwa zafarani, wakaziosha kwa maji, mgonjwa akanywa kombe: maandishi ambayo kazi yake ni kufutika. Na kuna zingefuri, ile nyekundu ya mbegu za mzingefuri. Neno hilo lilitoka mbali. Kwa Waarabu na Waajemi lilikuwa jina la jiwe jekundu, mchanganyiko wa zebaki na salfa, lililosagwa kuwa rangi nzuri na yenye sumu. Lilipofika kwetu likahamia kwenye mbegu isiyomdhuru mtu. Nikipita Geita na kuona wachimbaji wadogo wakikamua mchanganyiko wa zebaki na dhahabu kwa mikono mitupu, huwa nalikumbuka neno hilo, na natamani zebaki nayo ingepata mbadala wake wa mbegu.

Bara, kilichofuta maarifa haya kwa sehemu kubwa ni nguo iliyokuja tayari. Katika karne ya 19 misafara ya Tabora ilileta merikani, pamba isiyopaushwa iliyofumwa Massachusetts na iliyochukua jina la nchi ilikotoka, na ikaleta kaniki, kitambaa cha India kilichotiwa nili hadi kikakaribia weusi. Kaniki iliingia Usukuma ikakaa. Iliingia kwenye mavazi ya akina mama, ikaingia kwenye shughuli za waganga, hadi leo wapo wanaoihitaji kwa ibada na hawatakubali kitambaa kingine cheusi badala yake. Kisha mwaka 1856 kijana wa miaka 18, William Perkin, akajaribu kutengeneza kwinini London, akapata zambarau ya kemikali. Mwaka 1897 kampuni ya Kijerumani ya BASF ikaanza kuuza nili ya kiwandani, na mashamba ya nili ya India yakaporomoka ndani ya miaka michache. Mama wa Kishapu aliyefunga kaniki miaka ishirini baadaye hakuwa na namna ya kujua kwamba nili yake sasa huenda imetoka kiwandani wala si shambani. Rangi ilikuwa ileile. Simlaumu mtu kwa hilo. Aliyewahi kutwanga maganda ya mihale siku nzima kwa mita mbili za kitambaa anaelewa kwa nini watu walipoona pakiti ya unga wa rangi waliiona kama ukombozi.

Pamba yenyewe ni habari nyingine, na hapa siwezi kuandika kwa utulivu. Kishapu ni wilaya ya pamba. Ukanda huu wa magharibi unalima zaidi ya tisa ya kumi ya pamba yote ya Tanzania, kwa mbegu zilizozalishwa Ukiriguru, na sehemu kubwa ya nyuzi zake hupanda meli bila kugeuzwa uzi. Anayenunua karatasi bora ya rangi za maji, ile ya gharama ambayo wachoraji hununua moja moja, ananunua karatasi ya pamba. Pamba ikishachambuliwa, juu ya mbegu zake yanabaki manyoya mafupi yasiyofaa kufumwa, na hayo ndiyo karatasi hiyo inayoyapenda. Baada ya mavuno miti ya pamba inang'olewa na kuchomwa moto, kwa sababu nzuri, ili funza asipate pa kujificha hadi msimu ujao. Nilisimama ukingoni mwa shamba linaloteketezwa jioni nikiwa na karatasi mkononi niliyoinunua Dar es Salaam, imetoka Ulaya, na nikahisi uchungu ambao sikuutarajia.

Nilijaribu kutengeneza yangu. Pamba chakavu, nguo za zamani za shangazi zilizokatwa vipande vidogo kama kucha, kinu, saa nyingi za kutwanga, beseni, na chekecheke ya wavu wa mbu iliyopigiliwa kwenye fremu. Zilitoka karatasi saba nene kama chapati, zenye ukingo uliochanika. Hazifai barua. Lakini zilipokunywa mihale na kukauka, kisha nikazipitishia maji ya kutu, mstari ulikaa juu yake kwa namna ambayo karatasi ya dukani haikunipa: ulisambaa kidogo, kama mzizi, halafu ukasimama.

Karatasi haihitaji kuwa mpya ili iwe na thamani. Rosemary Karuga wa Kenya, mwanamke wa kwanza kusomea sanaa Makerere, aliyekuwa huko mwaka 1950 hadi 1952, alikuwa mwalimu maisha yake yote, na alipostaafu hakuwa na pesa ya rangi. Akachukua karatasi za sabuni ya Rexona na mifuko ya unga, akazikata vipande vidogo, akabandika kuku, wanawake, mashamba. Rangi zake zote zilikuwa rangi za duka la kijijini. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa New York, katika Studio Museum ya Harlem, na alikuwa mwanamke pekee katika maonyesho hayo. Alifariki mwaka 2021. Uganda, Sana Gateja, aliyezaliwa Kisoro mwaka 1950, anaviringisha karatasi za magazeti na mabango zikawa shanga, kisha anashonea maelfu ya shanga hizo juu ya lubugo, nguo ya gome la mutuba ambayo utengenezaji wake UNESCO iliutangaza kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Ukikaa mbali unaona mchoro. Ukisogea unaona gome la mti na habari za jana.

Kazi za hao wawili hazina mihale. Nawataja kwa sababu walifanya uamuzi uleule aliofanya Waruguru kwa namna yake: kitu chenye maisha yake ya awali kibaki na maisha hayo ndani ya picha. Rangi ya kopo haina mahali. Bluu ya kopo iliyofunguliwa Kahama ni bluu ileile iliyofunguliwa Tokyo, na kwa kazi nyingi hilo ndilo jambo jema linalotakiwa. Maji ya mihale niliyochemsha kwa maji ya mvua na niliyochemsha kwa maji ya kisima kilichochimbwa kwenye ardhi ya chokaa yalinipa kahawia mbili tofauti, na maganda yaliyochumwa Julai hayakulingana na ya Septemba. Kwa fundi wa kiwanda hiyo ni hasara. Kwa mchoraji ni tarehe na anwani zilizoandikwa ndani ya kitambaa.

Ila lazima niseme wazi kuhusu kupauka, maana wanunuzi hudanganywa. Si kila kinachochafua nguo ni rangi. Choya inatoa wekundu wa kupendeza, ukiitia magadi inageuka kijani cha ajabu, na baada ya wiki chache dirishani imebaki vumbi. Bizari nayo haipendi jua. Mihale ni mvumilivu zaidi, lakini weusi wa chuma una deni lake: chuma kikizidi, hula uzi polepole, na baada ya miaka mingi sehemu nyeusi ndiyo inayochanika kwanza. Hati nyingi za kale za Ulaya zimetoboka hivyo, herufi zimekula karatasi zikaacha matundu yenye umbo la maneno. Msanii anaweza kuchagua rangi inayokufa, na kazi hiyo ikawa ya kweli na nzuri. Anachopaswa ni kuijua na kumwambia anayeinunua.

Rangi maarufu kuliko zote iliyowahi kutoka ardhi hii haipauki. Mwaka 1947, Mwadui, mwendo mfupi kutoka Maganzo, kilipatikana kipande cha almasi ya waridi cha karati 54.5. John Williamson, Mkanada aliyegundua almasi Mwadui mwaka 1940, akamzawadia Bintimfalme Elizabeth wa Uingereza kwa harusi yake. Ilikatwa ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakaiweka katikati ya ua la kubandika kifuani. Maganzo kila mtu anaijua habari hiyo. Waridi ile iliondoka. Kijivu ndicho kilichobaki: kijivu cha lundo la mchanga uliokwisha kuchekechwa, unaloliona toka mbali ukija na barabara ya Shinyanga, na kijivu cha tope lililofunika mashamba na nyumba za vijiji jirani Novemba 7, 2022, bwawa la mabaki ya mgodi lilipopasuka.

Miti ilirudi, hilo lisisahauliwe. Wakoloni waliofyeka mapori ya Shinyanga kupigana na mbung'o, mashamba ya pamba yaliyotanuka, kuni, mkaa na mifugo, vyote pamoja viliacha nchi tupu. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, na kilichofaulu zaidi ndani yake hakikuwa cha kitaalamu hata kidogo. Kilikuwa ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga kipande cha malisho masika ili ng'ombe wapate nyasi kiangazi. Wazee walifunga, visiki vikachipua, na maelfu kwa maelfu ya hekta yakavaa tena migunga. Mwaka 2002 mradi ulipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Maganda niliyotwanga yalitoka kwenye ngitili ya namna hiyo. Mzee mwenye zamu ya ulinzi aliniuliza nayataka ya nini.

"Shikamoo, baba. Nataka kutengeneza rangi."

"Marahaba. Rangi ya nini?"

"Ya kuchorea."

Alifikiri. "Marehemu mama yangu alikuwa anatia ngozi humo," akasema. "Lakini yeye alitumia magome, si maganda. Na alikuwa anatia na kitu kingine. Mti mwingine. Majani yake madogo." Alitazama bondeni kwa muda, akataja jina, akalikataa, akataja jingine. Mwisho akasema atamuuliza dada yake, yuko Bariadi, ndiye aliyekuwa akikaa naye jikoni.

Niliacha namba yangu ya simu. Asubuhi iliyofuata nilirudi mapema na kiroba, kwa sababu mbuzi hutolewa zizini saa moja, na wakishapita chini ya mihale hakibaki kitu cha kuokota.